Dawa Kali, Kitambaa Kichafu: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Usafi wa Hospitali

Safari hii barua ni nyingi, na nyingi zimetoka kwa watu wanaoshika dekio na ndoo. Nimefurahi. Miaka yote niliyokaa kwenye kamati ya kinga na udhibiti wa maambukizi, watu hao walikuwa wakiketi nyuma kabisa ya ukumbi, wakisikiliza maagizo, na hakuna aliyewauliza kitu. Leo wanaanza wao.

Wodini kwetu wagonjwa wanapata maambukizi ya vidonda. Mkubwa wetu ameagiza tuweke klorini mara mbili ya tuliyozoea. Sasa macho yanawasha na wagonjwa wanakohoa. Je, dawa ikiwa kali zaidi si ndiyo inaua zaidi? (Mfanya usafi, wodi ya upasuaji)

Hapana, ndugu yangu, na macho yako yamelisema hilo kabla yangu. Klorini haichagui cha kushambulia. Ikikutana na damu, usaha au matapishi, inajimalizia humo humo, na bakteria waliojificha chini ya uchafu wanabaki salama. Ndiyo maana kazi ina hatua mbili zisizobadilishana nafasi: kwanza sabuni, maji na msuguo wa mkono, kisha ndipo dawa ya kuua vijidudu. Ukiiruka ya kwanza, ya pili inabaki harufu tu.

Vipimo vinavyotumika sana ni viwili. Palipomwagika damu au majimaji ya mwili, klorini ya asilimia 0.5. Sehemu za kawaida zinazoguswa, zikiwa zimeshasafishwa, asilimia 0.1. Kukipata kipimo ni hesabu ya shule ya msingi: chukua nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa, igawanye kwa nguvu unayoitaka, kisha toa 1. Unachopata ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Chupa ya asilimia 5, unataka 0.5: gawanya upate 10, toa 1, ni sehemu 9 za maji. Chupa ya asilimia 3.5 inapata sehemu 6. Unga wa klorini wa asilimia 70 unataka gramu 7 hivi kwa lita moja ya maji kupata hiyo 0.5. Sasa utaelewa kwa nini "kifuniko kimoja kwa ndoo" hakiwezi kuwa kipimo. Kifuniko cha chupa ipi, ndoo ya lita ngapi, dawa ya nguvu gani?

Changanya kwa maji baridi, penye hewa, na uchanganye upya kila siku, kwani klorini iliyokwisha kuchanganywa hupungua nguvu, na jua huiharakisha. Usiikutanishe na dawa ya choo yenye asidi wala sabuni yenye amonia. Gesi inayotoka huunguza mapafu. Na iache sehemu ibaki imelowa kwa muda uliotajwa kwenye lebo. Nimemwona mtu akipaka dawa kwenye reli ya kitanda kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto una taulo kavu linaifuatia palepale. Dawa ilikaa sekunde tatu. Ilitaka dakika.

Kisha, kabla hamjaisingizia klorini, tazama kitambaa chako. Kikipita vitanda sita huku kikichovywa ndoo ileile, kitanda cha sita kinapakwa mchuzi wa vitanda vitano. Kikunje nusu, kisha nusu tena, utapata nyuso 8. Uso mmoja, sehemu moja, geuza. Nyuso zikiisha kitambaa kinaenda kufuliwa, hakirudi kwenye ndoo. Anza juu ushuke chini, anza pasafi uishie pachafu, choo kiwe cha mwisho. Mkubwa wako akihoji mbona vitambaa vinaisha haraka, mchukue mkono umwonyeshe rangi ya maji baada ya kitanda cha tatu.

Mimi ni matroni. Nakagua wodi kila asubuhi, sakafu inang'aa, shuka nyeupe. Maambukizi hayashuki. Nakosea wapi?

Unakagua kinachoonekana, mama. Sakafu haimgusi mgonjwa, labda akianguka. Kinachomgusa ni reli ya kitanda, kitufe cha kengele ya kumwita muuguzi, meza ya chakula, swichi ya taa, kitasa cha choo, stendi ya dripu. Hivyo vyote ni vidogo na having'ai hata vikiwa safi.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyoifanya katika hospitali 36. Waliweka alama ya jeli isiyoonekana kwa macho, ambayo huwaka ikimulikwa kwa taa ya mionzi ya urujuanimno na hutoka ikifutwa vizuri. Mgonjwa akiruhusiwa na chumba kikisafishwa, wanarudi na taa. Katika sehemu zilizopaswa kufutwa, zilizokuwa zimefutwa kweli ni asilimia 48. Chini ya nusu, na hapo vyumba vilikuwa vimeshatangazwa tayari kwa mgonjwa mwingine. Wafanya usafi walipoonyeshwa matokeo na kufundishwa, ikapanda hadi asilimia 77.

Nilipoijaribu njia hiyo wodini mwangu mara ya kwanza, nilizima taa nikamulika. Meza: safi. Kabati: safi. Kitufe cha kengele: kinawaka kama kimulimuli. Upande wa chini wa reli, pale vidole vinaposhika mtu akijivuta kuketi: unawaka. Mashine ya dripu: inawaka. Nikauliza mashine ni kazi ya nani. Wauguzi wakasema ya wafanya usafi. Wafanya usafi wakasema wamekatazwa kugusa mashine. Kumbe kwa miaka ilikuwa yatima.

Anzia hapo, matroni: orodha ya kila kitu kilichomo chumbani, na jina la kada inayokisafisha mbele yake. Taa ikija, usiifanye mtego wa kumnasia mtu. Ukiwaadhibu watajifunza kuzitafuta alama na kuacha kitanda.

Bodi yetu ina fedha za jambo moja mwaka huu: mashine ya mionzi ya kuua vijidudu vyumbani, au kuongeza wafanya usafi. Muuzaji anasema mashine inaua asilimia 99.9. (Katibu wa hospitali)

Hiyo 99.9 ni ya maabara, Katibu, kwenye kisahani kisicho na vumbi wala kivuli. Mionzi hiyo ya urujuanimno husafiri kama mwanga wa taa, isikofika haiui. Nyuma ya kabati, chini ya reli, kwenye mkunjo wa godoro, kote huko ni giza. Chumba lazima kiwe kitupu, na lazima kiwe kimekwisha kusafishwa na mtu. Mashine hiyo humfuata mfanya usafi, haimpumzishi.

Faida inayo, nisiwe mchoyo. Utafiti wa hospitali 9 za Marekani uliochapishwa 2017 ulifuatilia vyumba vilivyotoka wagonjwa wenye vimelea sugu. Vilipopigwa mionzi juu ya usafi wa kawaida, wagonjwa waliolazwa humo baadaye walipata vimelea hao pungufu kwa kama asilimia 30. Lakini kwa Clostridioides difficile, bakteria wa kuharisha anayejifungia kwenye spora, yaani ganda gumu la kujihifadhi, pale klorini ilipokuwa tayari inatumika, kuongeza mionzi hakukuleta tofauti. Kwa hospitali ambayo mkono wa usafi umekwisha kukaa sawa, ni nyongeza ya maana.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Mwaka 2009 mtaalamu wa vijidudu Stephanie Dancer na wenzake huko Uskoti waliongeza mfanya usafi mmoja. Mmoja tu, Jumatatu hadi Ijumaa, katika wodi mbili zinazofanana, miezi sita huku na miezi sita kule, kazi yake ikiwa kufuta sehemu zinazoguswa na mikono. Vijidudu kwenye sehemu hizo vilipungua kwa asilimia 32.5, na maambukizi mapya ya stafilokoka sugu, bakteria wa ngozini asiyesikia antibiotiki nyingi, yule anayeitwa MRSA, yakapungua kwa asilimia 26.6. Wodi mbili ni chache, na mtu makini angedai ushahidi zaidi.

Ushahidi ukaja kutoka Australia. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya hospitali 11 ambazo hazikununua mtambo wowote wa ajabu: walifundisha, wakatumia alama za jeli, wakarudisha majibu kwa wafanya usafi wenyewe, wakapanga nani afute nini na kwa dawa gani. Maambukizi ya enterokoka, bakteria wa utumboni, aliye sugu kwa antibiotiki ya vankomaisini yalishuka kwa asilimia 37. Ya stafilokoka kwenye damu na ya Clostridioides difficile hayakushuka kwa kiwango cha kutegemewa, na hilo nalisema wazi ili bodi isije ikanishika uongo baadaye. Bakteria wengi wa damu huingia kupitia kanula, kile kijibomba cha mshipani, na mirija mingine. Kitambaa hakifiki huko.

Mwaka 2024 ukaja mwingine, kutoka hospitali moja ya New South Wales, Australia hukohuko, wodi 10, wagonjwa takriban 5000. Safari hii walikwenda moja kwa moja kwa wale yatima niliomtajia matroni: vifaa vinavyohama kitanda hadi kitanda, kama kipima presha, mashine ya dripu na viti vya magurudumu. Waliongeza saa 3 za usafi wa vifaa hivyo kila siku ya kazi, pamoja na mafunzo na ukaguzi. Maambukizi ya hospitalini yalipungua kwa kama theluthi moja. Theluthi, Katibu, kwa kitambaa chenye dawa na mtu aliyeambiwa "hii ni kazi yako na huu ndio muda wake".

Ningekuwa na kura kwenye bodi yenu, ningeajiri. Tena kwa mkataba wa kudumu, kwa sababu mtu anayebadilishwa kila miezi mitatu utamfundisha kila miezi mitatu, na siku atakapoijua kazi ndiyo siku anayoaga.

Je, ni kweli kwamba aliyelala kitandani kabla yangu anaweza kuniachia ugonjwa? (Mgonjwa anayesubiri operesheni)

Inawezekana, lakini nikupe ukubwa wake ili usilale macho. Mwaka 2006 watafiti wa hospitali moja ya Boston waliwatazama wagonjwa wa vyumba vya uangalizi maalumu. Waliolazwa chumba ambacho mtangulizi wake alikuwa na MRSA, karibu 4 katika kila 100 waliipata. Waliolazwa vyumba vingine, karibu 3 katika kila 100. Kwa lugha ya magazeti hatari "imeongezeka kwa theluthi moja". Kwa lugha ya kitandani, ni mtu mmoja zaidi katika mia. Zote mbili ni kweli. Ya kwanza inafaa kumwamsha mkurugenzi, ya pili inafaa kukutuliza wewe.

Kinachowezesha hayo ni uvumilivu wa vijidudu. Stafilokoka anaweza kuishi kwenye sehemu kavu kuanzia siku 7 hadi miezi 7, na spora za Clostridioides difficile hadi miezi 5. Virusi vya mafua hukata tamaa mapema, siku moja au mbili. Kwa ujumla, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa humohumo hospitalini. Njia kubwa bado ni mikono ya watu. Kitanda ni kituo cha kupumzikia safarini.

Nikivaa glavu, kuna haja gani ya kunawa? (Mwanafunzi wa uuguzi)

Glavu inakulinda wewe. Mgonjwa wa pili hajui kama hiyo ni ngozi yako au ni mpira. Anachoona ni mkono uliotoka kwa mgonjwa wa kwanza. Halafu glavu hutoboka bila kuonekana, na ukiivua vibaya unajipaka. Unatakasa mikono kabla ya kuvaa na baada ya kuvua: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono chenye alkoholi, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa anaharisha kwa Clostridioides difficile, nenda kwenye maji na sabuni, maana alkoholi haiui spora; spora zinahitaji kusukumwa zitoke.

Kama hapo ulipo bomba halitoi maji, usijione peke yako. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza mwaka 2022 kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za kunawa mikono: ama havina chochote pale mgonjwa anapohudumiwa, ama vyoo vyake havina maji na sabuni. Ndiyo maana chupa ndogo ya kitakasa kando ya kitanda ina thamani kuliko bango ukutani. Geneva, Uswisi, daktari Didier Pittet na wenzake waliisambaza chupa hiyo kila mahali wakafanya na kampeni. Kati ya 1994 na 1997 utii wa kutakasa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na kati ya 1994 na 1998 wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini walishuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9.

Spiriti ya asilimia 95 si bora kuliko ya 70?

Sivyo. Alkoholi huua kwa kuzivuruga protini za kijidudu, na kazi hiyo inahitaji maji. Ya 95 hukauka upesi mno na haipenyi vizuri. Ya 70 ndiyo yenye meno.

Kituo chetu kimenunua bomba la kupulizia dawa. Tunapuliza kuta, vitanda, na mlangoni tunawapuliza watu. Tuko sawa? (Msimamizi wa kituo)

Watu acheni leo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba kumpulizia mtu dawa ya kuua vijidudu hakupendekezwi kwa hali yoyote ile. Kunaumiza macho, ngozi na njia ya hewa, na hakumzuii mgonjwa kukohoa akishapita mlango wenu. Kuta na vitanda nako si pa kupuliza kama desturi: matone hutua juu tu, upande wa chini unabaki mkavu, uchafu unakunywa dawa, na anayepuliza anaivuta mapafuni. Zaidi ya hayo hakuna msuguo, na msuguo ndio nusu ya kazi. Bomba lile mtalipatia matumizi bustanini.

Utepe wa kwenye paketi ya vifaa ukibadilika rangi baada ya kutoka kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, vifaa si tayari? (Muuguzi wa chumba cha upasuaji)

Utepe wa nje unakuambia kwamba paketi imepitia joto, ili usiichanganye na ambayo haijaingia. Hausemi kama mvuke ulifika katikati, wala kama ulikaa muda wa kutosha. Mvuke unahitaji joto, shinikizo na muda kwa pamoja: nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, au nyuzi 134 kwa angalau dakika 3 kwenye mashine inayofyonza hewa kwanza, na vifaa vilivyofungwa huhitaji zaidi kwa kadiri ya maelekezo ya mtengenezaji. Kuna kipimo cha kuweka ndani ya paketi, na kuna kile cha kweli kabisa: kichupa chenye spora hai za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayependa joto. Kipitishe kwenye mzunguko, kisha kioteshwe. Spora zikiota, mashine imekudanganya.

Lakini makosa niliyoyaona mengi yalifanyika kabla ya mlango wa mashine kufungwa. Chukua forseps, yaani koleo la upasuaji, iliyokauka damu, ifungue, tazama kwenye bawaba. Ile chembe nyeusi kama punje ya ufuta ni damu iliyoiva, na chini yake mvuke haujagusa chuma. Loweka vifaa mapema visikauke, vifungue vyote, visugue kwa brashi chini ya maji ili visirushe matone usoni, suuza, kausha. Usishindilie paketi kama nguo kwenye sanduku. Mvuke unahitaji njia. Na paketi ikitoka imelowa, irudi. Kitambaa kilicholowa hufyonza vijidudu kutoka mezani hadi ndani.

Mpangilio huu wa kipi kinahitaji nini aliuweka Mmarekani Earle Spaulding tangu karne iliyopita, na bado haujapata mrithi: kinachoingia kwenye tishu au damu kitasishwe, yaani kisibaki na kijidudu hata kimoja, spora zikiwemo, kinachogusa utando laini kama wa kooni kipate dawa ya kiwango cha juu, kinachogusa ngozi nzima kisafishwe na kutakaswa kawaida.

Tunaambiwa Ignaz Semmelweis alifukuzwa kazi kwa kuwaambia madaktari wanawe. Ni kweli au ni hadithi? (Mwalimu wa biolojia)

Nusu kwa nusu. Hospitali Kuu ya Vienna, alikofanya kazi daktari huyo wa karne ya 19, ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Katika ya madaktari, kama mama mmoja kati ya 10 alikufa, kwa sehemu kubwa kwa homa ya uzazi. Katika ya wakunga walikuwa chini ya nusu ya hapo. Wajawazito walijua, na walikuwa wakililia wasipelekwe ile ya kwanza. Mapema 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile. Semmelweis akaunganisha: madaktari walikuwa wakitoka chumba cha maiti moja kwa moja kwenda kwa akina mama wanaojifungua, na wakunga hawakuwa wakipasua maiti.

Dawa aliyoichagua ilikuwa maji ya klorini, na sababu yake inanichekesha hadi leo: ilikuwa inaondoa harufu ya maiti mikononi. Alifuata pua. Pua ikampeleka pazuri kwa bahati, ingawa mfanya usafi wetu wa swali la kwanza anajua kwamba pua si kipimo. Aprili 1847 vifo vilikuwa zaidi ya 18 katika kila akina mama 100. Miezi michache baada ya agizo lake vilikuwa 2 hivi.

Mkataba wake haukuongezwa mwaka 1849, na siasa za wakati ule zilikuwemo ndani yake. Lakini alijichelewesha pia. Kitabu chake alikitoa 1861, miaka 14 baadaye, kisha akaanza kuandika barua za wazi akiwaita madaktari wakuu wa uzazi wa Ulaya wauaji. Takwimu zilikuwa upande wake, na bado hawakunawa. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865.

Wodini tumewekewa masinki mapya karibu na vitanda. Tunayatumia kunawia na kumwagia dripu iliyobaki. Kuna ubaya? (Muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi)

Ubaya upo kwenye bomba la kutolea maji. Humo hujengeka utando wa bakteria kama Pseudomonas, na dripu ya sukari au chai ya mgonjwa mnayoimwaga ni chakula chao. Maji ya bomba yakipiga moja kwa moja kwenye tundu, matone huruka. Nijmegen, Uholanzi, waliondoa masinki yote kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na kuwahudumia bila maji ya bomba. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha wagonjwa wakipata bakteria wa kundi hilo kwa kiwango pungufu, hasa waliokaa muda mrefu. Siwaambii myang'oe. Sinki la kunawia liwe la kunawia tu, majimaji yamwagwe kwenye chumba cha uchafu, na dawa za mgonjwa zisiandaliwe ubavuni mwake.

Bakteria hawatazoea vitakasa mikono kama walivyozoea antibiotiki?

Dalili moja ipo. Mwaka 2018 watafiti wa Melbourne walipima enterokoka waliohifadhiwa tangu 1997 hadi 2015, wakakuta wa miaka ya karibuni wanaistahimili alkoholi kuliko babu zao. Kustahimili huko si kuwa kinga kamili, na chupa isitupwe kwa ajili yake. Tone moja linalokauka kabla halijafika kwenye kidole gumba ndilo linalowafundisha. Jaza kiganja, lowesha mikono yote.

Mama yangu amelazwa. Nikienda kumwona nifanye nini? Na je, ni utovu wa adabu kumwuliza daktari kama ametakasa mikono?

Takasa mikono ukiingia na ukitoka. Usiketi kitandani, usishike kidonda wala mpira wa mkojo, na ukiwa na mafua au unaharisha, piga simu badala ya kwenda. Simu yenyewe ifute. Unaenda nayo kila mahali, nadhani hata mahali ambapo usingependa kukiri.

Utovu wa adabu si kuuliza, ila swali la ghafla mbele ya wanafunzi wake humfanya daktari ajitetee badala ya kunawa. Weka chupa ya kitakasa mikono juu ya kabati la mama, upande anaosimamia daktari. Akifika, wewe jipake kwanza, taratibu, kisha msogezee chupa: "Karibu, daktari." Nimewaona mabingwa wakinyoosha viganja bila neno.